NYUMBA YA KUPANGISHA: TULIKOTOKA NA TUENDAKO

Kikundi kimetimiza miaka kumi. Mbele ya mkutano mkuu ujao kuna swali moja kubwa: je, akiba yetu tuitoe tununue kiwanja na kujenga vyumba vya kupangisha? Wapo waliokwisha kusema ndiyo kabla ya kusikia hesabu, na wapo wanaoogopa. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika kurasa hizi tumeona tuanze na historia ya kupangisha katika jiji letu la Dar es Salaam, maana matatizo ya mwenye nyumba mpya hayakuanza jana.

Tuanzie Kariakoo. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Hapo na baadaye Ilala na Magomeni ndipo ilipoenea ile nyumba tunayoijua sote: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Akina mama walikuwamo katika biashara hii tangu zamani. Mjane au mama aliyeachika, akiwa na nyumba yake, alipata hela ya chumvi bila kumpigia mtu magoti. Tena aliishi na wapangaji wake, akajua nani kalipwa mshahara na nani anauguza. Huo ndio ulikuwa ulinzi wake.

Baada ya Uhuru, mambo yalibadilika. Mwaka 1962 Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Utwaaji Majengo: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba ndogo za uswahilini nyingi hazikufikia kiasi hicho, ndiyo maana mama wa Magomeni aliendelea kupangisha.

Ikafuata Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Nia ilikuwa kumlinda mpangaji, na ilikuwa nia njema. Lakini vyumba vilikuwa vichache na watu wengi, basi kilemba kikazidi: mtu analipa fedha za pembeni ili apewe ufunguo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano ya watu wawili, na wengi hudai ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo.

Sasa basi, historia hii inatufundisha nini?

Kwanza, karatasi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimpa mke haki ya kumiliki mali kwa jina lake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ikasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume. Haki hiyo bila karatasi ni maneno matupu. Kiwanja kikinunuliwa, kiwe kimepimwa, na jina liwe la kikundi kilichosajiliwa, siyo la mwenyekiti wala la mume wa mtu.

Pili, mkataba. Wengi wetu tumepangisha kwa mdomo, "njoo tu mwanangu, tutaelewana". Mkishindana, hakuna kuelewana. Mkataba useme kodi, muda, nani anatengeneza nini, na notisi. Mpangaji asipolipa, kupiga kufuli mlango au kutupa vyombo vyake nje si njia ya sheria. Baraza la Kata husuluhisha; Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo linaloamua. Na shauri huchukua muda, huku chumba hakiingizi kitu.

Tatu, umeme na maji. Mita moja ya LUKU kwa vyumba sita ni ugomvi wa kila wiki: huyu ana friji, yule ana pasi, wa tatu ana taa moja tu. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU. Kwa sheria ni mzigo wa mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Liandikwe kwenye mkataba fedha hiyo itarudishwaje.

Nne, hesabu. Jamani, hapa ndipo wengi huumia. Tuchukue mfano tu: nyumba ya vyumba sita imegharimu shilingi 30,000,000, na kila chumba ni 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,600,000. Kila chumba kikikaa mwezi mmoja tu bila mtu, toa 300,000. Toa 500,000 za kunyonya choo, bati, rangi na kodi za Serikali. Inabaki 2,800,000. Kwa mwendo huo fedha yetu itarudi kwa karibu miaka 11, yaani zaidi ya umri wa kikundi hiki. Anayesema tutakula faida mwakani hajakaa na daftari.

Na tukumbuke, mama wa zamani alilala nyumba moja na wapangaji wake. Kikundi hakilali popote. Nani atapokea kodi? Nani ataitwa usiku bomba likipasuka? Ufa wa leo usipozibwa na mtu mwenye jina, kesho tutajenga ukuta kwa fedha ya mikopo ya wenzetu.

Hatusemi tusijenge. Nyumba imewasitiri akina mama wa jiji hili kwa muda mrefu, na haiozi kama nyanya sokoni. Tunachopendekeza ni hiki: tusiweke humo akiba yote, ili mwanachama mwenye mgonjwa au ada ya shule asiambiwe hela yake imegeuka tofali. Tuanze na vyumba viwili au vitatu, kila kimoja na mita yake, na tuchague watu wawili wa kusimamia, mmoja akiandika na mwingine akikagua.

Wahenga wetu wa ushirika walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila mwanachama aje mkutanoni na kalamu yake, apige hesabu hii upya kwa bei za mtaa wake, kisha ndipo tupige kura.