Miaka 180 ya Kutafuta Majina

Mwaka 2025 taasisi moja ya mjini Boston, Marekani, ilitimiza miaka 180. Jina lake ni New England Historic Genealogical Society, nasi hapa tuiite Jumuiya ya Nasaba ya New England. Kazi yake ni kumsaidia mtu amjue babu wa babu yake: alitoka wapi, alimwoa nani, alizikwa wapi. New England ni eneo la majimbo sita ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kwetu pwani ya Afrika Mashariki eneo hilo haliko mbali na kumbukumbu zetu, maana nguo ya merikani iliyoingia Unguja katika karne ya 19 ililetwa na merikebu za huko, hasa za bandari ya Salem.

Waasisi walikuwa watano: Charles Ewer, Samuel Gardner Drake, John Wingate Thornton, William Henry Montague na Lemuel Shattuck. Wanne wa kwanza wanastahili heshima yao, lakini huyu wa tano ndiye wa kukaa naye.

Shattuck alikuwa mwalimu, baadaye akawa muuza vitabu. Alipokuwa akiandika historia ya mji wa Concord, iliyochapishwa mwaka 1835, alifungua madaftari ya mji akakuta mapengo kila mahali. Watoto walizaliwa, watu walikufa, na karani hakuandika. Jambo hilo lilimkera kiasi kwamba alishika njia ya kuwashawishi watunga sheria, na mwaka 1842 jimbo la Massachusetts likapitisha sheria ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Mwaka 1845, mwaka uleule wa kuanzishwa Jumuiya, akasimamia sensa ya Boston kwa mtindo mpya. Sensa za Marekani hadi wakati huo ziliandika jina la mkuu wa kaya tu. Mke, watoto na wengine wote walihesabiwa kwa umri na jinsia. Shattuck alitaka kila mtu aandikwe kwa jina lake. Mwaka 1849 akaitwa Washington kusaidia kutengeneza fomu, na sensa ya taifa ya 1850 ikafuata mtindo huo: kila mtu huru akaandikwa kwa jina.

Nimesema kila mtu huru. Watumwa walikuwa na fomu yao ya peke yao. Rasimu yake ilikuwa na nafasi ya jina, lakini maseneta wa majimbo ya Kusini wakaikataa, na mahali pa jina pakawekwa namba. Ukilifungua daftari hilo leo unaliona jina la bwana, na chini yake safu ya watu wasiotajwa: mwanamke, miaka 30, mwanamume, miaka 22, mtoto wa kike, miaka 4. Huwezi kujua kama yule mwanamke ndiye mama wa yule mtoto. Sensa ya 1860 ilifanya hivyohivyo. Karani alikuwa na kalamu, wino na karatasi ya kutosha. Watu wale walisimama mbele ya macho ya mabwana zao, wana majina. Hayakuandikwa kwa sababu watu wenye madaraka waliamua yasiandikwe.

Ndiyo maana Wamarekani weusi wanaotafuta ukoo wao huuzungumzia ukuta wa 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza ya taifa iliyowaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Nyuma ya hapo, giza.

Jumuiya yenyewe wakati huo ilikuwa ikiendelea kukua. Jarida lake, ambalo wanachama huliita Register, lilianza kutoka Januari 1847 na linatoka hadi leo. Mwaka 1870, ndiyo, mwaka uleule wa ukuta, jarida lilianzisha utaratibu wa kupanga vizazi kwa namba ambao wataalamu wa nasaba wanautumia mpaka sasa. Wanawake walikubaliwa kuwa wanachama mwaka 1898, miaka 53 baada ya kuasisiwa. Tangu 1964 makao yake yako mtaa wa Newbury. Mwaka 1988 ulianza mradi mkubwa wa kumwandika kila mhamiaji wa mwanzo aliyetoka Uingereza kwenda New England kati ya 1620 na 1640, na vitabu vyake ni kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja mwelekeo mkuu ulikuwa kwa wazao wa walowezi hao. Aliyekuwa na daftari alizidi kupata daftari.

Mageuzi yaliyonigusa ni ya karibuni. Mwaka 1838 mapadri Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272 kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha ikaokoa chuo chao cha Georgetown kilichokuwa na madeni. Wengi wao walipelekwa Louisiana. Mwaka 2019 Jumuiya, ikishirikiana na watafiti waliokuwa wameanza kuwafuatilia wazao wao, iliweka hadharani kumbukumbu za koo hizo. Mwaka 2023 ikazindua mradi mpana zaidi: kurejesha majina ya watu wapatao milioni 10 wenye asili ya Afrika waliotumikishwa utumwani katika ardhi ambayo leo ni Marekani.

Kazi hiyo huanzia kwa aliye hai na kurudi nyuma, kizazi baada ya kizazi, kwa vyeti, makaburi na sensa, mpaka ukutani. Hapo hutafutwa jina la bwana wa mwisho, kisha wosia wake, orodha ya mirathi yake, hati za mauzo. Watumwa huandikwa humo kati ya ng'ombe na majembe, lakini mara nyingi wana majina. Hazina nyingine ni madaftari ya benki ya Freedman's, iliyofunguliwa mwaka 1865 kwa ajili ya walioachiwa huru na kufungwa 1874. Aliyeweka akiba aliulizwa alikozaliwa, jina la baba, la mama, la mume au mke, la watoto, la ndugu, hata waliouzwa mbali. Pesa za wengi zilipotea benki ilipoanguka. Majibu yao yalibaki, na leo vitukuu wanayasoma.

Sisi nasi tuna la kufanya. Wengi wetu tunaweza kutaja majina ya mababu wanne, watano, mwana wa fulani, mwana wa fulani. Bibi zetu tunawajua kama Mama Juma au Mama Asha, na mara nyingi majina waliyopewa walipozaliwa yanazikwa nao. Kama bibi yako yu hai, mwulize jina lake, la mama yake, na kijiji alikozaliwa mama huyo. Andika yote kwa wino, na tarehe ya siku hiyo uiandike juu ya ukurasa.