Asili ya Amri Zitendwazo Faili Libadilikapo
Make ilibuniwa mwaka 1976 katika maabara ya Bell, Marekani. Steve Johnson alikuwa amepoteza asubuhi nzima akisaka kosa lililokwisha sahihishwa, kumbe faili halijageuzwa upya kuwa lugha ya mashine. Na Stuart Feldman alipatwa na balaa lilo hilo jioni iliyotangulia. Feldman akatunga chombo kilinganishacho saa ya faili la asili na ya zao lake: asili ikiwa mpya zaidi, amri hutendwa. Jina lenyewe, yaani “tengeneza”, ni la kuamrisha, na kweli Make hungoja kuamrishwa. Katika Linux, dnotify ililinda folda tu. Inotify, iliyotiwa mwaka 2005, hutoa habari za faili mojamoja mara libadilikapo, na programu ilindayo hutenda amri pasipo kuitwa na mtu.