Tambi za kukaanga si mwiko kwa mgonjwa wa kisukari

TAMBI zilizokaangwa na mboga, mlo wenye asili ya China uliozoeleka sasa katika mikahawa ya mijini, hazilazimiki kuwa mwiko kwa mgonjwa wa kisukari. Kinachopandisha sukari ni wanga: kikombe kimoja cha tambi za ngano zilizopikwa kina takriban gramu 40, na sahani ya mkahawani aghalabu huzidi kikombe kimoja.

Ufumbuzi ni kugeuza uwiano. Nusu ya sahani iwe kabichi, karoti, pilipili hoho na uyoga. Robo iwe kuku, samaki au yai. Tambi zibakiziwe robo ya mwisho. Nyuzinyuzi na protini huchelewesha usagaji wa wanga, hivyo sukari huingia katika damu polepole. Tambi ziepuliwe zikiwa bado na ugumu kidogo, kwani zilizolainika mno humeng'enywa upesi. Zile nyembamba zinazong'aa, zitengenezwazo kwa choroko, kwa kawaida hupandisha sukari taratibu kuliko za mchele.

Adui aliyejificha ni mchuzi. Sosi tamu za chupa zina sukari, nayo ya soya imejaa chumvi, jambo lisilofaa kwani wagonjwa wengi wa kisukari wana pia shinikizo la juu la damu. Tangawizi, kitunguu saumu na ndimu huleta ladha ya kutosha.

Mwenye mashine ya kupimia sukari apime saa mbili baada ya kuanza kula. Anayetumia insulini asipunguze wanga ghafla bila kumwona daktari, kwani sukari yaweza kushuka kupita kiasi.