Kuhama na Kukimbia: Watu wa Unguja na Pemba baada ya 1964

Kiswahili chapambanua baina ya kuhama na kukimbia. Ahamaye hufunga mizigo, huaga majirani, na hujua aendako. Akimbiaye hujua atokako tu. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi yanapozungumzwa maondoko ya watu wa Visiwani baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, kana kwamba wote waliondoka siku moja kwa sababu moja.

Walioondoka katika miezi ya mwanzo walikimbia. Miongoni mwao walikuwamo maelfu ya Waarabu waliopakiwa vyomboni kupelekwa Arabuni, nchi ambayo wengi wao hawakupata kuiona. Hapa hapana uamuzi wa kuchunguzwa: roho ilikuwa hatarini.

Lakini wengi zaidi walibaki, na hao ndio wanaostahili kutazamwa na mwanahistoria. Mwezi wa Machi 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na baadaye wakulima wakagawiwa ekari 3 kila mmoja. Aliyepata shamba alikuwa na sababu ya kukaa. Aliyenyang'anywa bado alikuwa na nyumba, wazee na makaburi. Kilichomchosha hata huyu wa pili ni mambo ya kila siku. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari vilipatikana kwa mgao na kwa foleni, ilhali karafuu, ambazo nyingi zilitoka Pemba, ziliuzwa kwa serikali peke yake, kwa bei iliyokuwa chini mno ya ile ya soko la dunia. Njaa peke yake haihamishi watu. Hofu peke yake hufunza kunyamaza. Vilipokutana, baba wa nyumba alianza kuulizia chombo cha usiku cha kwenda Mombasa au Tanga, maana kutoka kwa halali kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilikuwa adimu.

Jambo la tatu, ambalo naona limepuuzwa, ni mlango. Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967, lakini Sultani Said bin Taimur hakupenda wageni, hata wa damu yake. Tarehe 23 Julai, 1970, mwanawe Qaboos alishika utawala, akawaita waliokuwa ng'ambo. Nchi iliyokuwa na shule 3 tu ilihitaji walimu, makarani na wauguzi, na watoto wa Unguja walikuwa wamesoma. Wengi waliokuwa wamekaa Mombasa, Dar es Salaam, Cairo na Uingereza wakingoja hali itengenee, sasa wakahama kwa maana halisi ya neno. Huko Maskati waliitwa Wazanzibari, nao Kiswahili chao kikawa lugha ya nyumbani, na mara kwa mara hata ya ofisini.

Baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984 bidhaa zilirudi madukani, na wengine wakaja kuzuru jamaa. Hata hivyo, mnamo Januari 2001, baada ya waandamanaji kupigwa risasi, watu wapatao 2,000 walivuka kutoka Pemba hadi Shimoni, Kenya. Hao hawakuwa na mlango wala mwaliko. Walikimbia, na wengi wao walirejea kwao mwaka huo huo.