Kilengeo cha Chuma na Jicho la Mwenyewe

Neno shabaha si geni kwa wapenzi wa mashairi. Malenga wetu wamelitia katika mapenzi, katika siasa na katika mafumbo ya ngoma, na sikio lililozoea vina halikosi kulisikia neno shabihi likipita karibu yake. Ni nadra siku hizi mtu kulisikia akaikumbuka bunduki. Lakini ndipo lilipo kila siku neno hilo: jicho, mtutu, na kitu kilicho mbali.

Lugha yetu, kwa hakika, ni tajiri wa bunduki ya kushindilia. Tuna gobori lenyewe. Tuna mrao, utambi uliowashia baruti. Tuna gumegume, jiwe la kutolea cheche lililoipa bunduki nzima jina lake. Tuna fataki na kifa chake, mdeki wa kushindilia, mtutu na kitako. Nilipokuwa nikifasiri maelezo ya mafundi wa Kimarekani wanaojiundia bunduki za namna hii majumbani mwao, nilikwenda salama sehemu baada ya sehemu mpaka nilipofika juu ya mtutu, penye vyuma viwili vidogo vya kulengea. Hapo sikupata neno la kale la kuniridhisha. Shabaha ni tendo, na ni kile kinacholengwa. Chuma chenyewe je? Nimeamua kukiita kilengeo, na msomaji aliye na neno bora na alilete. Ila swali lililonishughulisha zaidi si la kamusi. Vipi watu walioijua bunduki hii hadi tundu lake la moto wasiwe na haja ya jina la kitu kinachoiongoza?

Jibu linaanzia mbali na hapa. Mwanzoni mwa karne ya 18, wahamiaji wa Kijerumani na wa Kiswisi waliingia Pennsylvania, wengi wakakaa Lancaster na pande zake. Miongoni mwao walikuwamo mafundi walioijua bunduki fupi ya wawindaji wa kwao, yenye mifuo iliyochorwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu. Katika miaka ya kadiri ya nusu karne, mikononi mwao na mwa watoto wao, bunduki hiyo ikarefuka na kukonda. Mtutu ukapita inchi 40, mara nyingi wa pembe nane kwa nje. Tundu likapungua, ili risasi na baruti zisimlemee mtu anayekaa porini kwa miezi. Risasi ilikuwa tufe la timazi, dogo kuliko tundu kwa unywele, likavishwa kiraka cha kitani kilichopakwa mafuta. Kiraka ndicho kilichoshika mifuo na kuizungusha risasi, nayo ikatoka ikienda njia moja kila mara.

Hapa ndipo kilengeo kinapopata maana. Chombo kisichorudia njia yake hakifai kuelekezwa kwa makini; ni sawa na kumpimia mizani mtu anayeropoka. Mafundi wa Lancaster walikuwa na mtutu unaorudia, basi wakauwekea vyuma viwili: mbele, karibu na mdomo, ubapa mwembamba uliolala kwa urefu wa mtutu, nyuma, kipande cha chuma chenye ufa mdogo. Mpigaji huuweka ubapa katikati ya ufa, vichwa vyake vikiwa sawasawa, na mnyama akakaa juu yake.

Kuchagua vyuma hivyo kulikuwa, na kungali, kazi ya kujijua. Ubapa wa fedha huonekana vyema katika kiza cha msitu alfajiri. Lakini jua likiupiga kwa upande mmoja, upande ule hung'aa, jicho likadhani katikati ya ubapa imehamia huko, na risasi ikatoka nje ya njia. Chuma kilichofifishwa hakidanganyi juani, ila hupotea kivulini. Ubapa mwembamba humfaa anayetaka kupiga kitu kidogo akiwa na wasaa. Mnene humfaa mwenye haraka. Na ufa wa nyuma lazima uwe mpana kidogo kuliko ubapa unavyoonekana ndani yake, ili mwanga upite pande zote mbili. Jicho hulinganisha mianga miwili kwa wepesi kuliko linavyolinganisha chuma na chuma. Nani aliyewafundisha hayo, sijui kama kuna haja ya kuuliza. Aliyekosa nyama mara tatu hujifunza.

Kuvitia mahali pake ni kazi ya tupa na subira. Juu ya mtutu hukatwa mfereji wa kukingama, mpana chini na mwembamba juu, kiasi cha kukishika kitako cha kilengeo kisiweze kung'oka. Haukatwi kwa kina, kwa sababu kila nywele ya chuma inayoondolewa hapo imetoka katika ukuta unaozuia moto wa baruti. Fundi mzuri huuacha mfereji uwe mwembamba kidogo, kisha hukipiga tupa kitako cha kilengeo mpaka kiingie kwa kidole hadi theluthi ya njia. Iliyobaki hupigwa kwa nyundo, na kipande cha shaba kikiwa kati ili chuma kisijeruhiwe. Kikiingia kwa wepesi mno, kitahama siku bunduki itakapoanguka. Kikikazwa mno, hakitasogea siku kinapotakiwa kusogea.

Na kitatakiwa kusogea. Bunduki ikipiga kulia, ufa wa nyuma husukumwa kushoto, yaani upande unaotaka risasi iende. Au ubapa wa mbele husukumwa kinyume chake. Ama juu na chini, hapo pana siri ya kazi yote. Ubapa wa mbele hutiwa mrefu kuliko unavyohitajika, kwa makusudi, na bunduki mpya hupiga chini. Mwenyewe hupiga, hutazama, huusugua ubapa kwa tupa mara mbili tatu, hupiga tena. Kila anapoupunguza, mdomo wa mtutu hulazimika kuinuka kidogo ili ubapa uonekane ufani, na risasi hupanda. Hesabu yake ni nyepesi: ikiwa kati ya vilengeo viwili pana sentimita 75, na shabaha iko mita 45, basi milimita 1 juu ya mtutu ni sentimita 6 kwenye shabaha. Aliyesugua kwa pupa ameharibu. Tupa huondoa tu, hairudishi.

Tena hasugui kabla ya kukitulia kipimo cha baruti. Akiongeza baruti, akibadili unene wa kitani au hata mafuta ya kiraka, risasi hutua pengine. Kwa hiyo urefu wa ubapa ule, siku unapokamilika, ni mapatano ya mtutu mmoja, kipimo kimoja cha baruti, na jicho moja. Bunduki haiwezi kuazimwa bila ya kusema uongo kidogo.

Katika bunduki za asili zilizosalia, ufa wa nyuma mara nyingi umewekwa mbele sana, mbali na uso wa mpigaji. Sababu ni jicho lenyewe. Kijana huona kilicho karibu na kilicho mbali karibu kwa pamoja. Mtu aliyepita miaka 40 huuona ufa ulio karibu kama ukungu. Ukisogezwa mbele hutulia. Na ziko bunduki za zamani ambazo juu ya mtutu zina mfereji wa pili uliozibwa kwa chuma na kusuguliwa hadi kuwa sawa na mtutu: hapo palikuwa na kilengeo, kikahamishwa. Bunduki ilibaki ile ile, lakini macho nyuma yake yalizeeka, au ilirithiwa na macho mengine.

Jina lake maarufu, bunduki ya Kentucky, lilienezwa na mshairi. Baada ya vita vya New Orleans, Januari 8, 1815, Samuel Woodworth alitunga wimbo wa kuwasifu wawindaji wa Kentucky, ukaimbwa majukwaani, na watu wakaamini kwamba bunduki ndefu peke yake ndizo zilizowashinda Waingereza. Wanahistoria wanasema kazi kubwa siku ile ilifanywa na mizinga. Wimbo ukashinda ushahidi. Sisi watunzi tusijifanye kushangaa. Karne moja baadaye J. G. W. Dillin aliandika kitabu chake cha mwaka 1924 juu ya bunduki hizo, mwaka 1933 kikaundwa chama cha taifa cha wapigaji wa bunduki za kushindilia, na mwaka 1969 pakatengenezwa filamu ya Wallace Gusler, fundi wa Williamsburg, akiiunda bunduki nzima kwa mkono kuanzia bamba la chuma. Wanaojiundia leo ni wajukuu wa vitabu na filamu hizo zaidi kuliko wa msitu.

Sasa turudi kwetu. Mmarekani aliyefika Unguja hakuileta bunduki ya Lancaster. Mkataba wa Septemba 21, 1833, alioufunga Edmund Roberts na Seyyid Said, ulitoa ruhusa ya biashara karibu katika kila kitu, lakini ulisema wazi kwamba bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali tu. Katika bandari nyingine za Sultani ziuzwe kwa yeyote apandishaye bei. Kilichouzwa, na Wamarekani na wengineo, ni bunduki za mtutu laini usio na mifuo: za kijeshi zilizokwishatumika Ulaya, au za rahisi zilizoundwa makusudi kwa biashara ya Afrika katika miji kama Birmingham na Liège.

Mtutu laini haurudii njia. Bunduki ya askari wa Kiingereza ilikuwa na tundu la inchi 0.75 na risasi ya kadiri ya inchi 0.69, ili iingie upesi hata masizi yakijaa. Risasi ilitoka ikigonga ukuta huu na ule. Ufa wa nyuma haikuwa nao, na kile kinundu cha mbele kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika singe. Askari wa Ulaya walipanga safu na kufyatua kwa pamoja kuelekea safu nyingine, bila ya kuchagua mtu. Ndiyo maana hainifurahishi ile tabia ya wasafiri wa karne ya 19 ya kuwacheka watu wa pwani na bara kwamba wanafyatua ovyo bila ya kulenga. Walenge kwa nini? Walifanya kwa bunduki ile kile kinachofanyika nayo, kama walivyofanya askari wa wafalme wa Ulaya. Kilengeo hakikukosa jina kwa uzembe wa lugha, hakikuwapo.

Kilichokuwapo ni mlio. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefariki hapa Unguja mwaka 1905, ana jina la Tippu Tip lenye maelezo mawili: wengine walisema ni kope zake zilizokuwa zikipepesa; yeye mwenyewe alisema ni sauti ya bunduki zake masikioni mwa watu wa bara. Kope au mlio, jicho linalotulia nyuma ya ufa halimo katika jina hilo.

Kisha hali hiyo ikaandikwa kuwa sheria. Hati ya Mkutano wa Brussels ya Julai 2, 1890, ambayo Unguja ni mmoja wa waliotia saini, ilipiga marufuku kuingizwa kwa silaha bora katika Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuikomesha biashara ya watumwa, na biashara ile ilistahili kukomeshwa. Lakini ilikuwa miaka ile ile ambayo madola yaliyoandika hati yalikuwa yakigawana nchi, na majeshi yao hayakubeba gumegume. Bunduki zenye mifuo zilitakiwa zikae katika ghala la serikali, na iliyotolewa kwa mtu mmoja mmoja iandikwe, itiwe alama, na mwenyewe apewe kibali chenye jina lake. Zilizoweza kuruhusiwa kwenda sokoni, katika sehemu ambazo watawala wangeona zinafaa, zilitajwa kwa sifa zake: ziwe za gumegume, na mtutu usio na mifuo.