Chanjo ya Kichaa cha Mbwa Dar es Salaam

Kichaa cha mbwa huenezwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa, hasa anapong'ata. Vikishaingia jerahani, virusi hivyo hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na njiani kinga ya mwili huwa haijavitambua. Dalili zikishajitokeza, ni nadra mno mbwa au binadamu kupona. Kwa hiyo kinga sharti itangulie, na hiyo ndiyo kazi ya chanjo.

Njia hiyo ilifunguliwa Paris Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa. Tanganyika, ugonjwa ulithibitishwa kaskazini mwa nchi katika miaka ya 1930. Kwa muda mrefu silaha iliyozoeleka ilikuwa risasi: mbwa wazururao waliuawa. Lakini pengo la waliouawa lilizibwa haraka na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote.

Katika Pwani mbwa ni wachache kuliko bara, kwa kuwa mate yao huhesabiwa najisi katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa huko. Jiji la Dar es Salaam lilipotanuka kuelekea Bunju upande wa Kinondoni, na Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, mbwa wa ulinzi waliongezeka. Wengi hufungwa mchana na kufunguliwa usiku.

Kati ya 2010 na 2015, wilaya za jiji, Kinondoni, Ilala na Temeke, ziliingizwa katika mradi uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania na Pemba. Lengo lilikuwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kiwango ambacho virusi hukosa mbwa wa kutosha wa kuambukizana. Temeke pia ina maabara ya veterinari ambako ubongo wa mbwa anayeshukiwa hupimwa.

Pemba ilionyesha faida na udhaifu wa kazi hiyo. Ugonjwa ulitoweka 2014, ukarejea 2016 baada ya virusi kuingizwa upya, kisha ukatokomezwa tena 2018 kwa kampeni mpya za chanjo. Mbwa huzaliana na kufa upesi, hivyo kinga ya mtaa hupungua kila mwaka usio na chanjo. Mtoto wa mbwa huchanjwa akitimiza miezi 3, na chanjo hurudiwa kila mwaka.