Guardia Piemontese: Imani Ilizimwa, Lugha Ikabaki

Katika ziara ya siku moja huko Calabria, kusini mwa Italia, tulipanda hadi Guardia Piemontese, kijiji cha mlimani kinachotazama bahari. Waanzilishi wake, Wakristo Wawaldensi, walihamia kutoka Piemonte, kaskazini, pamoja na lugha yao ya Kioksitani. Mnamo Juni 1561 waliuawa kwa wingi kwa ajili ya imani yao. Lango la kijiji huitwa Lango la Damu hadi leo. Walionusurika walilazimishwa kuwa Wakatoliki, na milango ya nyumba zao ikawekwa vitundu vya kuchungulia vinavyofunguliwa kwa nje! Imani ile ilizimika. Kioksitani hakikuzimika, kilirithishwa majumbani hadi kikatambuliwa na sheria Na. 482 ya mwaka 1999, miaka 438 baadaye. (Nasi hulalamikia uhaba wa vitabu vya kiada.)